Saksofoni za Zamani: Sauti Iko kwa Bati au kwa Mtu?

Karibu miezi mitatu kikundi chetu cha muziki hapa Nyarugusu kilikuwa na ubishi mmoja ambao haukuisha hata wakati wa mazoezi. Tulikuwa na saksofoni moja ya zamani, aina ya alto. Kwenye ule mdomo wake mpana pamechongwa jina Buescher na mji wa Elkhart, Indiana, na kwa namba yake ni ya miaka ya 1920. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliitaka. Alisema: nipeni hiyo, mimi nawapa mbili mpya za kung'aa, pamoja na mikoba yake.

Vijana 11 walikuwa wanajifunza kwa chombo hicho kimoja. Wengi wao walisema tubadilishe hata kesho. Wazee wakakataa kabisa. "Ya zamani iko na roho," papa mmoja alituambia. "Ya leo ni bati tu." Na kulikuwa na jambo zito zaidi ya hilo. Saksofoni hiyo ilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, mikononi mwa papa aliyekuwa anapiga katika fanfari ya kanisa upande wa Fizi. Alipopata safari ya kwenda kuishi Marekani aliiacha kwa vijana. Kwa hiyo kuibadilisha haikuwa kama kubadilisha jembe.

Mimi kazi yangu ni kukaa na vijana, si fundi wa vyombo. Lakini niliombwa nichunguze hilo neno "roho". Je, ni kweli saksofoni ya zamani inalia vizuri kuliko ya leo? Na kama ni kweli, ni kitu gani ndani yake kinacholia? Nimesoma nilichoweza kupata, nimesikiliza rekodi nyingi kwenye simu, na sisi wenyewe tumefanya jaribio. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Mbelgiji aliyehamia Paris

Saksofoni inajulikana ilitoka kwa nani. Adolphe Sax alizaliwa Dinant, mji mdogo wa Ubelgiji, tarehe 6 Novemba 1814. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya muziki, na yeye akakulia karakanani. Mwaka 1842 alihamia Paris kutafuta maisha. Mwaka 1846 akapata hataza ya serikali ya Ufaransa kwa ukoo mzima wa saksofoni, kuanzia ndogo zenye sauti ya juu hadi kubwa zenye besi.

Wazo lake lilikuwa hivi. Chukua bomba la shaba ya manjano, kama la tarumbeta, lakini usilipulize kwa midomo mitupu. Lipulize kwa ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka, kama kwenye kilarineti. Halafu bomba lenyewe lisiwe na upana uleule toka mwanzo hadi mwisho. Liwe koni: jembamba juu, pana chini. Hiyo koni ndiyo siri kubwa. Kilarineti, kwa sababu bomba lake lina upana karibu uleule, ukiisukuma ipande juu haipandi oktava moja, inaruka zaidi ya hapo, na vidole vinabidi vijipange upya. Saksofoni inapanda oktava kamili kwa vidole karibu vilevile. Ndiyo maana mtoto anaweza kupiga wimbo rahisi baada ya wiki chache.

Sax alitaka chombo cha bendi za jeshi, kisikike uwanjani lakini kiwe na ulaini wa vyombo vya mbao. Kipulizio chake, yaani kile kipande unachoweka mdomoni, kilikuwa na chumba kikubwa cha mviringo ndani yake. Chumba kikubwa kinatoa sauti nene na laini, isiyo na makali. Kwa hiyo saksofoni ya kwanza kabisa haikupiga kelele kama tunavyoijua leo.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Mafundi wenzake wa Paris walimshitaki mara kwa mara wakitaka hataza yake ifutwe. Alifilisika mara tatu: 1852, 1873 na 1877. Alifundisha saksofoni katika chuo kikuu cha muziki cha Paris kuanzia 1857, lakini vita na Prussia ilipoanza mwaka 1870 darasa likafungwa, na chuo hicho hakikuwa na darasa la saksofoni tena mpaka 1942. Sax mwenyewe alifariki 1894.

Nimeeleza hayo kwa sababu moja. Wazee wetu wanaposema "sauti ya asili", asili ni ipi? Ile sauti ya Sax mwenyewe ilikuwa imeshaanza kubadilika kabla hata saksofoni yetu haijatengenezwa.

Elkhart na wimbi la miaka ya 1920

Hataza ya Sax iliisha 1866, na baada ya hapo kila fundi aliruhusiwa kutengeneza. Marekani kazi hiyo ilishika sana katika mji mmoja wa viwanda, Elkhart. Kampuni ya Conn ilianza kutengeneza saksofoni pale mwishoni mwa miaka ya 1880. Gus Buescher alikuwa mfanyakazi wa Conn kabla ya kufungua kiwanda chake. Martin nao walikuwa hapohapo. Yaani mji mmoja, mafundi waliojuana, na sauti tatu tofauti.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wamarekani walishikwa na homa ya saksofoni. Watu walinunua kwa ajili ya nyumbani, shuleni, kanisani. Vyombo vilitoka viwandani kwa maelfu na maelfu. Hili nililisisitiza kwa vijana na kwa wazee pia: Buescher ya miaka ya 1920 ni nzuri, lakini si almasi. Zipo nyingi sana duniani.

Sasa sauti zake. Nikizilinganisha kwa kusikiliza rekodi, Buescher za wakati ule zina sauti ya mviringo, tamu, imekusanyika kama maji ndani ya kibuyu. Ndiyo maana Sigurd Raschèr, mpigaji wa muziki wa kuandikwa aliyezaliwa Ujerumani, alizipenda: alitaka ile sauti ya Sax mwenyewe, pamoja na kipulizio cha chumba kikubwa. Conn ni pana zaidi. Noti za chini za Conn tena, kama ile 10M iliyotumiwa na Lester Young, zinatoka kama mzee anayeongea kutoka kifuani. Zinaenea chumba kizima kama mwanga wa taa ya chemli.

Sauti inakaza

Baadaye mambo yakabadilika. Kampuni ya Selmer ya Paris ilinunua karakana ya familia ya Sax mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1936 wakatoa Balanced Action, chombo ambacho vibonyezo vyake vilipangwa vizuri zaidi chini ya vidole. Mwaka 1954 wakatoa Mark VI, na hiyo ndiyo saksofoni ambayo mpaka leo watu wanaiuza kwa bei ya gari.

Sauti ya Selmer hizo inakwenda mbele kama mwanga wa tochi. Ina kiini. Noti zake ziko sawasawa kutoka chini hadi juu, hakuna noti inayojificha. Upande wa Marekani, King walitoa Super 20 mwaka 1945, nayo ni kali na yenye kung'aa, inapasua katikati ya tarumbeta bila shida. Cannonball Adderley aliipiga hiyo.

Kwa nini sauti ilikaza hivyo? Si kwa sababu mafundi walipoteza roho. Bendi zilikuwa kubwa zaidi, ngoma zilipigwa kwa nguvu zaidi, kumbi zilijaa wachezaji. Vipulizio vikatengenezwa na chumba kidogo ili mtu asikike. Chombo kilifuata kazi. Mwanamke anayeuza sokoni haongei kwa sauti ileile anayobembelezea mtoto, na zote mbili ni sauti yake.

Kuna hadithi maarufu kuhusu Mark VI. Watu wanasema shaba yake ilitoka kwenye maganda ya mizinga ya Vita ya Pili ya Dunia, na ndiyo maana inalia vile. Hadithi tamu, lakini hakuna aliyewahi kuithibitisha. Niliposimulia, vijana walicheka, kwa sababu na sisi tuna hadithi kama hizo juu ya kila kitu kilichovuka ziwa.

Mtu mmoja, vyombo vingi

Kama roho iko ndani ya bati, basi mtu akibadilisha bati angebadilika sauti. Tumwangalie Charlie Parker. Amepiga Conn, amepiga King Super 20. Na tarehe 15 Mei 1953, katika ukumbi wa Massey Hall mjini Toronto, Kanada, alipanda jukwaani na saksofoni ya plastiki. Ndiyo, plastiki. Iliitwa Grafton. Iligunduliwa na Hector Sommaruga, Mwitaliano aliyekuwa anaishi London, na rangi yake ilikuwa kama maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Rekodi ya usiku ule ipo. Ukiisikiliza, ndani ya sekunde chache unajua ni Parker. Mwaka 1994 Grafton yake iliuzwa mnadani London kwa pauni 93,500. Mji wa Kansas City ndio uliinunua, kwa sababu huko ndiko alikokulia. Sasa niambie, pauni zote hizo zililipwa kwa ajili ya plastiki au kwa ajili ya mtu?

Ornette Coleman naye alipiga Grafton, na yeye aliinunua kwanza kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei. Akatoka nayo na muziki ambao ulifanya watu wagombane kwa miaka mingi.

Geuza sasa: chombo cha aina moja, watu tofauti. Mwezi Machi 1960 John Coltrane na Stan Getz walikutana jukwaani Düsseldorf, Ujerumani, na televisheni ikawarekodi. Wote wawili walikuwa watu wa Selmer tena. Getz anapuliza kama mtu anayeongea karibu na sikio lako. Coltrane anapuliza kama mtu mwenye habari ya haraka mlangoni. Kiwanda kilekile, sauti mbili ambazo hata mtu asiyejua muziki hawezi kuzichanganya.

Kuna hata sayansi yake. Mwaka 2008 watafiti wa Sydney, Australia, walipima mdomo na koo la wapigaji wakati wanapuliza. Waliona kwamba wapigaji wazoefu wanapanga koo lao lifuatane na noti za juu kabisa, na wanaoanza hawawezi. Yaani sehemu ya saksofoni iko shingoni mwako. Hiyo huwezi kuiuza wala kuisahau kituoni.

Upande wetu wa Kongo

Nchi ya Sax ndiyo iliyotutawala mpaka 1960, na chombo chake kilikuja Kongo na watu wa aina nyingi. Kanisa lilikuwa na fanfari, jeshi lilikuwa na bendi. Katika miaka ya 1950 mpigaji wa Kibelgiji, Fud Candrix, alirekodi Léopoldville pamoja na African Jazz ya Kabasele. Lakini saksofoni ya rumba haikubaki ya Kibelgiji. Jean Serge Essous, aliyetoka Brazzaville, alikuwa kati ya walioanzisha OK Jazz mwaka 1956. Isaac Musekiwa, mzaliwa wa Zimbabwe ya leo, alipiga katika OK Jazz hiyohiyo. Manu Dibango wa Kamerun alikutana na Kabasele Ubelgiji, akaja Léopoldville mwaka 1961. Halafu 1963 akaingia Verckys Kiamuangana Mateta, na saksofoni ya OK Jazz ikaanza kukoroma, kulia na kubishana na magitaa.

Hesabu hapo: Mbrazzaville, Mzimbabwe, Mkameruni, Mkongo wa Kinshasa. Chombo cha mtu wa Dinant aliyehamia Paris. Na watu wote leo wanaiita sauti ya rumba ya Kongo, na wako sawa.

Jaribio letu chini ya turubai

Tulitaka tujue kwa masikio yetu. Mfanyabiashara alikubali kutuachia zile mbili mpya kwa siku tatu. Kwanza tuliingiza kitaa kidogo chenye waya ndani ya kila bomba, usiku, tukafunga vibonyezo vyote. Pale mwanga unapopenya, pedi haifungi, na hewa inavuja. Moja kati ya zile mpya ilikuwa inavuja sehemu nne. Ya zamani ilivuja sehemu mbili. Mfanyabiashara tulimrudishia ile mbovu, akatuletea nyingine. Nawaambia wenzangu wa makambi mengine: fanyeni hivyo kabla ya kulipa hata shilingi. Chombo kinachovuja noti zake za chini hazitoki, na mtoto anafikiri yeye ndiye hawezi.

Ya zamani fundi mmoja wa viatu wa hapa kambini alitukatia pedi mbili za ngozi, zikafunga.

Halafu tukatundika turubai. Wazee watatu wakakaa upande mmoja. Upande wa pili msichana wetu anayepuliza vizuri kuliko wote akapiga wimbo mmoja wa kanisa kwa chombo cha zamani na kwa kipya, bila kusema kipi ni kipi. Mara ya kwanza kila chombo kilikuwa na kipulizio chake. Wazee wote watatu walijua. "Hiyo ndiyo yetu," walisema, na walikuwa sahihi.

Mara ya pili tulibadilishana vipulizio. Kile cha zamani, cheusi, chenye chumba kikubwa, tukakiweka kwenye saksofoni mpya. Noti za juu zilipotoka kidogo kwa sababu havikutengenezwa viishi pamoja. Lakini wazee wawili kati ya watatu waliposikia ile mpya walisema tena: "Hiyo ndiyo yetu." Wa tatu alinyamaza muda mrefu, kisha akachagua ile ya zamani kweli. Alisema noti za chini zilikuwa na kitu. Na mimi nikisikiliza noti zile za chini, nakubaliana naye. Koni ya zamani ina upana wake, na huo upana unasikika.

Kwa hiyo jibu langu liko hivi. Bati la zamani lina mchango wake, si uongo. Umbo la koni lina mchango. Pedi zisizovuja zina mchango mkubwa. Kipulizio na ridi vina mchango mkubwa zaidi. Na juu ya vyote yupo mtu, na pumzi yake, na koo lake, na saa alizokaa na chombo.

Uamuzi

Hapo ndipo penye ugumu. Kama sauti iko zaidi kwa mtu, basi mtu anahitaji saa. Vijana 11 kwa chombo kimoja, kila mmoja alikuwa anapata dakika 40 kwa wiki. Huwezi kupanga koo kwa dakika 40.

Tulimtumia ujumbe wa sauti yule papa aliyeko Marekani. Tulimweleza yote, na turubai, na mfanyabiashara. Alijibu baada ya siku mbili: "Ile haikuwaka yangu, ilikuwaka ya fanfari. Mufanye batoto bapulize."

Tukapiga kura. Waliotaka kubadilisha walikuwa wengi. Tulimwambia mfanyabiashara kwamba tunampa saksofoni lakini kipulizio cha zamani kinabaki, na akakubali. Tumeandika namba ya chombo kwenye daftari la kikundi, pamoja na jina la kijiji kilikotoka na mwaka kilipovuka ziwa. Sasa kila kijana anapata zaidi ya saa moja kwa wiki, na kipulizio cheusi wanakitumia kwa zamu.

Papa wa tatu, yule aliyesikia noti za chini, hajaridhika. Alisema tumebadilisha mzee kwa watoto wawili, na kwamba siku moja tutaitafuta. Sikubishana naye, kwa sababu alichokisikia kilikuwepo. Bado anakuja mazoezini, anakaa nyuma. Wiki iliyopita alimwambia msichana wetu ashushe mabega anapopuliza, na noti ya chini ikatoka.

Kazi iliyobaki ni ya kuandika. Vitabu vina habari za Paris, Elkhart na Léopoldville, lakini fanfari za Fizi, Baraka na Uvira ziko vichwani mwa wazee tu. Ni nani aliyefundisha? Vyombo vilifika vipi, na vilienda wapi vita ilipoanza? Kama wewe unayesoma, au baba yako, au bibi yako, mliwahi kuimba nyuma ya fanfari hizo, njooni Jumamosi baada ya saa tisa. Tuna daftari, tuna simu ya kurekodi, na kuna vijana wanaotaka kujua noti ile ya chini ilikuwa inasikikaje kwao.